Picha za Drive-In ya Msasani

Juma hili tumewekewa mezani picha sita nyeusi na nyeupe, ambazo familia moja ya Kinondoni imezitunza ndani ya mkebe wa biskuti kwa miaka mingi. Mbili zimeliwa na unyevu hata nyuso hazitambulikani. Nne zilizosalia zaonyesha kitu ambacho kijana wa leo hawezi kukitambua upesi: uwanja mpana, magari yamepangwa kwa mistari kama askari wa gwaride, yote yameelekeza pua upande mmoja, na mbele yao ukuta mrefu mweupe usiokuwa na nyumba nyuma yake. Hiyo ndiyo sinema ya magari ya Msasani, ambayo wakazi wa Dar es Salaam waliijua kwa jina la Drive-In.

Ilifunguliwa mwaka 1966, kando ya ile barabara ya zamani ya Bagamoyo. Avalon, Empire na Empress zilikuwa mjini katikati, na mtu aliingia humo akaketi kitini gizani. Drive-In ilitaka nafasi, na nafasi haikupatikana ila huku pembeni.

Mtindo huu ulianza Camden, New Jersey, nchini Marekani, mwaka 1933. Ardhi huinuliwa matuta matuta, ili gari likisimama pua yake iwe juu kidogo, na walio nyuma waweze kutazama juu ya mapaa ya walio mbele. Kando ya gari husimama nguzo fupi yenye kipaza sauti kidogo, nacho hutundikwa dirishani. Filamu haiwezi kuanza mpaka giza liingie, na hapo twalikuwa na bahati ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawanayo. Kwao, wakati wa joto, jua huchelewa mno kutua. Hapa petu, mwezi wowote wa mwaka, ifikapo saa 1 na nusu usiku giza limekwisha kuwa giza. Ni kweli kwamba mbu nao huijua saa hiyo.

Picha ya pili ndiyo tuliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Gari dogo aina ya Volkswagen limefunguliwa milango yote miwili, na tulipohesabu vichwa vilivyomo na vilivyolizunguka tulipata tisa. Mama mmoja ameshika sufuria mapajani, na chupa ya chai imesimama juu ya boneti. Mtoto amekwisha lala, naye amevaa viatu vya sikukuu. Tukimtazama mtoto huyo twafahamu kwamba kwa watu hawa filamu ilikuwa sehemu tu ya safari. Walikuja kula pamoja, kuamkiana na jamaa wa gari la pili, na kupunga upepo wa bahari.

Hapa yafaa tuseme wazi jambo ambalo wasomaji wengi watakuwa wamekwisha jiuliza. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, chini ya mwaka mmoja na nusu baada ya sinema hii kufunguliwa. Je, nchi ambayo raia wake wengi walikwenda kwa miguu ilikuwa na haja gani na starehe ya wenye magari? Swali hilo ni la haki. Lakini picha ya tatu inatufundisha tusilijibu kwa haraka. Mbele ya mstari wa kwanza wa magari wameketi vijana wapatao ishirini, wengine mkekani, wengine juu ya mchanga, na baiskeli mbili zimelala kando yao. Hawana kipaza sauti cha kutundika popote, nao wamekaa karibu na ukuta kuliko mwenye gari yeyote. Mpiga picha hakuwakusudia. Alilenga magari, nao wakaingia pembeni. Kwa maoni yetu, wao ndio thamani ya picha hiyo.

Wakati huo sinema haikuwa na mshindani mkubwa. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Pigo la kwanza lilitoka katika mafuta ya petroli. Katika miaka ya uhaba, ya 1970 na 1980, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana, na sinema ya magari isiyofikiwa na magari Jumapili usiku yabaki na nini? Kisha zikaja kanda za video, watu wakatazama filamu sebuleni.

Uwanja wenyewe ulipata kazi nyingine kwa sababu ya msiba. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka katika Ubalozi wa Marekani, ambao wakati huo ulikuwa Oysterbay, likaua wananchi wenzetu. Ubalozi mpya ulijengwa mahali palipokuwa Drive-In, ukafunguliwa mwaka 2003. Leo pana kuta na walinzi, wala mtu hasimami nje akapiga picha apendavyo. Kwa hiyo hakuna atakayeweza kwenda kuupiga picha upya uwanja ule. Zilizopo ndizo hizi, zilizo katika mikebe na masanduku ya Kinondoni, Magomeni, Temeke na Upanga, na kila masika hupungua.

Twawaomba wenye nazo wafanye kazi ndogo tu: wachukue penseli, waandike nyuma majina ya watu, mtaa walikotoka na mwaka. Nyuma ya picha yetu ya tatu limeandikwa neno moja tu, "Jumapili". Tulimwuliza mzee aliyetuletea picha hizo kama anamfahamu yeyote kati ya wale vijana walioketi mchangani. Aliisogeza karibu na dirisha, akaitazama, akaweka kidole juu ya mmoja mwenye kofia. Akasema huyo alikuwa akija kwa miguu kutoka Mwananyamala, na kwamba jina lake lilikuwa hapa, mdomoni kabisa, tangu jana.