Wally Cleaver: Kaka mwema aliyemlemea mwigizaji wake

KATIKA vichekesho vingi vya kifamilia vya runinga ya Marekani, kaka mkubwa hupewa mojawapo ya kazi mbili: kumtesa mdogo wake, au kuwa mfano bora usiomvutia yeyote. Wally Cleaver, kifunguamimba wa familia ya Leave It to Beaver, hakuwa wa aina yoyote kati ya hizo.

Kipindi hicho kilianza kupeperushwa na shirika la CBS mnamo Oktoba 4, 1957, kikahamia ABC mwaka uliofuata na kudumu hadi Juni 1963, baada ya sehemu 234. Waandishi wake, Joe Connelly na Bob Mosher, waliamua kuitazama nyumba kwa macho ya watoto badala ya wazazi. Connelly alikuwa akiwasikiliza wanawe mwenyewe na kuchota kwao visa na hata namna ya kuzungumza.

Mtazamo huo ndio uliompa Wally kazi yake. Mdogo wake Theodore hakuwaelewa watu wazima, nao wazazi, Ward na June, walikuwa wamesahau utoto ulivyo. Wally alisimama katikati kama mkalimani. Hata lakabu ya mdogo wake, Beaver, ilitokana naye: tunaelezwa katika sehemu ya mwisho kwamba alipokuwa mdogo alishindwa kulitamka jina Theodore.

Wema wake haukuwa wa malaika. Katika kisa kimoja cha mwaka 1957, Beaver anapoteza pesa za kinyozi na kuamua kujinyoa mwenyewe. Wally anapoona balaa hilo hakimbilii kusema kwa baba. Anachukua makasi ili arekebishe, anaharibu zaidi, kisha wote wawili wanavaa kofia mezani wakidai ni masharti ya kujiunga na chama cha siri. Ni uongo, naam, lakini ni uongo wa ndugu anayekubali kuadhibiwa pamoja na mwenzake. Ukweli unapofichuka, hajifanyi kwamba hakuhusika.

Waandishi walimwekea pia rafiki wa kumpima. Eddie Haskell, aliyeigizwa na Ken Osmond, alimmiminia Bi June sifa tele, na mama huyo alipogeuka tu akamgeukia Beaver kwa kejeli. Wally hakuwa na maneno matamu hayo. Watazamaji walioneshwa, bila hotuba, tofauti baina ya adabu ya mdomoni na adabu ya moyoni.

Ni kweli kwamba mji wao wa kubuni, Mayfield, ulikuwa Marekani iliyopigwa pasi. Siku chache kabla ya kipindi kuanza, wanajeshi walikuwa wakiwasindikiza wanafunzi tisa weusi kuingia shule moja ya upili mjini Little Rock. Hakuna mwangwi wa jambo hilo mezani pa akina Cleaver.

Aliyeulipia wema wa Wally ni Tony Dow. Alikuwa na umri wa miaka 12 kipindi kilipoanza, bingwa wa kuchupa majini kutoka ubaoni katika mashindano ya vijana, na uzoefu mdogo mno wa uigizaji. Kilipokwisha alikuwa na miaka 18, na Wally hakutaka kumtoka. Watayarishaji walimwona kijana yule yule, na wapita njia pia. Akiwa katika miaka yake ya ishirini alianza kuugua sonona, ile huzuni nzito ambayo mtu hawezi kuifukuza kwa kuambiwa ajikaze. Baadaye alieleza waziwazi kwamba kutambuliwa daima kwa sura ya mvulana yule kulichangia hasira na mfadhaiko wake, na akawahimiza wagonjwa wengine watafute matibabu, kama alivyofanya yeye.

Alirudi kuwa Wally katika miaka ya 1980, safari hii mhusika akiwa wakili mwenye mke. Lakini alijipatia pia kazi zisizohitaji uso wake. Alikuwa mwelekezi wa vipindi vya runinga, kisha mchongaji sanamu, na mwaka 2008 kazi yake moja ya shaba nyeusi ilioneshwa Paris, katika maonyesho yaliyofanyiwa Carrousel du Louvre.

Mnamo Julai 26, 2022 wasimamizi wake walitangaza kimakosa kwamba amefariki. Alikuwa angali hai, nyumbani, akiuguzwa. Alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 77.