Mashine Mpya ya Gemu na Mchezaji Asiyeimiliki

Mashine ya michezo ya video, ambayo Watanzania wengi huiita mashine ya gemu, ni kompyuta iliyoundwa kwa kazi moja kuu, nayo ni kuendesha michezo inayoonekana kwenye runinga na kuongozwa kwa pedi, yaani kifaa chenye vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili. Biashara yake duniani imeshikwa na kampuni tatu, Sony na Nintendo za Japani pamoja na Microsoft ya Marekani, na kila mojawapo inapotoa mashine mpya mazungumzo huelekea kwenye kasi ya prosesa na ung'avu wa picha. Historia, hata hivyo, inaonyesha kwamba nguvu peke yake haijawahi kutosha, na hali ya mitaa kama ya kata ya Mandewa, katika Manispaa ya Singida, inaongeza sharti ambalo wabunifu wa Japani na Marekani hulifikiria kwa nadra: mashine lazima imfae pia mchezaji asiyeimiliki.

Msingi wa biashara hii ni kwamba mara nyingi mashine huuzwa kwa faida ndogo au hata kwa hasara, kisha kampuni hufidia kupitia mrabaha, yaani ada inayokatwa katika kila nakala ya mchezo inayouzwa. Kwa sababu hiyo mtengenezaji wa michezo hasogei mahali pasipo na wanunuzi, na mnunuzi naye hatoi fedha zake mahali pasipo na michezo, hivyo mashine mpya inapaswa kuwavuta wote wawili kwa wakati mmoja. Dreamcast ya kampuni ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 1998, ilisifiwa kwa ubora wake na ilikuja na modemu ya kuunganisha mtandao, lakini Electronic Arts, kampuni kubwa ya michezo ya soka, ilikataa kuitengenezea michezo, na mwanzoni mwa mwaka 2001 Sega ilitangaza kusitisha uzalishaji wake.

PlayStation 2 ya Sony, iliyoanza kuuzwa mwezi Machi 2000, ilichukua njia nyingine. Ilisoma diski za michezo ya mashine iliyoitangulia, hivyo mwenye michezo ya zamani hakupoteza kitu, na ilicheza filamu za DVD wakati deki za DVD zilipokuwa bado ghali, kiasi kwamba familia nzima ilikuwa na sababu ya kuinunua. Zaidi ya mashine milioni 155 ziliuzwa, idadi inayoiweka juu ya mashine nyingine zote za aina yake. Nintendo nayo iliuza Wii zaidi ya milioni 100 kuanzia mwaka 2006 ingawa mashine hiyo ilikuwa dhaifu kuliko washindani wake, kisha Wii U ya mwaka 2012 ikaishia takriban milioni 13 na nusu, kwa kuwa jina lake liliwachanganya wanunuzi na michezo kutoka kampuni nyingine ilikuwa michache.

Nchini Tanzania, mchezaji wa kawaida hukutana na mashine ya gemu katika kibanda kabla ya kuiona nyumbani, akilipia mechi au muda wa kucheza, huku wenzake wakisubiri zamu. Mnunuzi halisi ni mwenye kibanda, naye huipima mashine kama mtaji. Ikichukuliwa, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mashine inagharimu shilingi milioni 1 na kila mechi inalipiwa shilingi 500, zitahitajika mechi 2,000 kabla ya mtaji kurudi, na hapo bado hazijatolewa kodi ya chumba, pedi zinazochakaa na fedha za umeme wa LUKU. Mashine inayoharibika kabla ya kufikia hesabu hiyo ni hasara, hata kama picha zake zinapendeza kiasi gani.

Hapa ndipo uimara na urahisi wa matengenezo unapokuwa na uzito mkubwa. Singida ni eneo la nusu ukame lenye upepo mkali na vumbi, na vumbi likiziba feni mashine hupata joto na kuzimika. Umeme unaokatika ghafla na kurudi kwa nguvu huweza kuunguza sehemu ya kupokelea umeme, ndiyo maana stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme, ni ya lazima. PlayStation 2 ilitumia umeme mdogo na iliunganishwa kwa waya wa rangi tatu kwenye runinga nyingi za zamani, ilhali PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuja na tundu la HDMI pekee, ikamlazimu mwenye kibanda aliyekuwa na runinga ya zamani kubadilisha runinga pia. PlayStation 5 hutumia takriban wati 200 mchezo mzito unapochezwa, gharama ambayo kibanda kinachofunguliwa kutwa nzima hakiwezi kuipuuza.

Sharti jingine ni kucheza bila kutegemea intaneti. Mwezi Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingelazimika kuunganishwa na mtandao angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimana diski kungewekewa mipaka. Upinzani wa wanunuzi uliilazimisha kubatilisha mpango huo mwezi huohuo. Hata hivyo, mwelekeo wenyewe haukukoma, kwani PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila sehemu ya kuwekea diski, ambayo hununuliwa kando, na asiye nayo hupakua mchezo kutoka duka la mtandaoni. Kwa Mandewa, hilo lina maana ya kununua bando kubwa kwa kila mchezo, kukosa diski ya mtumba, na kukabiliana na duka lisilopokea malipo kwa simu, ilhali M-Pesa imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008. Isitoshe, hadi mwaka 2024 mtandao wa PlayStation haukuwa na huduma rasmi nchini, kwa hiyo mchezaji alisajili akaunti yake kwa jina la nchi nyingine.

Mwisho wa yote ni michezo yenyewe. Vibanda huishi kwa soka, kwa sababu ni mchezo unaowakutanisha wawili mbele ya runinga moja na kueleweka na kila mtazamaji. Kampuni ya Konami ilitoa mchezo wa soka wa PES 2014 kwa PlayStation 2 mwishoni mwa mwaka 2013, baada ya uzalishaji wa mashine hiyo kusitishwa, jambo linaloonyesha jinsi soka ilivyoirefushia maisha. Pamoja na hayo, Ligi Kuu ya Tanzania Bara haikuwahi kuwamo rasmi katika michezo ya video ya FIFA ya Electronic Arts, wala utangazaji wa Kiswahili haukuwapo, hivyo shabiki wa klabu ya Singida Black Stars hulazimika kuchagua timu ya nchi nyingine. Simu za mkononi, ambazo hutoa michezo ya soka bila malipo, zinaendelea kuwachukua wachezaji hao.

Kampuni itakayotaka kufanikiwa katika soko hili inahitaji kutoa mashine inayovumilia vumbi na umeme usiotulia, yenye spea zinazopatikana, inayopokea diski, inayocheza bila mtandao, inayolipiwa kwa simu, na yenye pedi mbili tangu siku ya kwanza. Wenye vibanda nao hawana budi kuyapima mambo haya kabla ya kutoa mtaji wao, kwani mashine bora kwao ni ile itakayokuwa bado inafanya kazi baada ya gharama zake kurudi.