Mtabiri Aliye Zamu

Nchini Marekani, onyo la tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama pia kutoka winguni hadi ardhini, hutolewa na mtu aliye zamu. Rada ya Doppler humwonyesha jinsi upepo unavyojizungusha ndani ya wingu, lakini miali yake hupanda juu kadiri inavyokwenda mbali, hivyo yanayotokea karibu na ardhi mara nyingi hayaonekani. Tena mizunguko mingi ya namna hiyo hufifia bila kuzaa tonado. Mtabiri ana dakika chache za kuamua, na huenda anafuatilia dhoruba tatu kwa pamoja.

Usahihi wake haupimiki kirahisi. Mwaka 1884 mwanajeshi John Finley alitoa tabiri 2,803 na kuhesabu kuwa amepatia kwa zaidi ya asilimia 96. Hesabu hiyo ilipotosha: mtu ambaye angesema kila mara kwamba hakuna tonado angepatia kwa asilimia 98. Katika mara 100 ambazo Finley alitabiri tonado, zilitokea mara 28 tu.

Uchovu wa zamu za usiku hupunguza umakini, lakini mazoea ya akili ni hatari zaidi kwa sababu mwenyewe hayahisi. Mtabiri aliyeamini tangu asubuhi kwamba siku itakuwa shwari huelekea kuona dalili zinazomuunga mkono, na anayempokea zamu hurithi imani hiyo pamoja na kiti. Macho yaliyokodolea dhoruba kubwa huikosa ndogo inayoibuka pembeni.

Kisha kuna hofu ya kukosea. Mei 2011 tonado iliua watu zaidi ya 150 mjini Joplin, Missouri. Onyo lilikuwa limetolewa, ila wakazi wengi walikuwa wamezoea ving'ora visivyofuatwa na kitu. Kipindi hicho, takriban maonyo matatu kati ya manne hayakutimia. Kuanzia mwaka 2012 maonyo ya bure yalipungua, lakini tonado zilizopita bila onyo ziliongezeka. Rada haikuwa imedhoofika. Watabiri walikuwa wakisubiri ushahidi mzito zaidi kabla ya kuonya.

Ndiyo maana mafunzo yanayoandaliwa Norman, Oklahoma, huwarudisha watabiri kwenye dhoruba za zamani zilizorekodiwa, zikichezwa kwa mwendo wake halisi. Mtabiri huamua bila kujua mwisho, kisha huonyeshwa kilichotokea.