Lori Likigonga Nyuma, Tusipuuze



Lori linalotupeleka shambani likigonga "ko-ko" nyuma kila lipitapo shimo, tusiseme ni uzee tu. Kwanza kagueni vitu vinavyochezacheza: gurudumu la akiba, mlango wa nyuma, bomba la moshi. Mlio ukibaki, tafuteni kwenye springi.

Lori lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe kabari. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu.

Tazameni mambo manne:

1. Bolti zenye umbo la U, zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli huweza kuhama na gari likavuta upande.
2. Vyuma vya springi. Ufa mpya hung'aa, wa zamani una kutu.
3. Bushi. Ingizeni mtaimbo, tikiseni, pakicheza, zimekwisha.
4. Shokapu. Ikivuja mafuta, au mipira yake ikilika, haifai.

Springi iliyokatika haingoji mwisho wa mwezi. Dereva aandike kwenye kitabu cha gari, na mwakilishi wa chama asome. Mpaka litengenezwe, lisibebe watu. Sisi si magunia.