Mama wa Askari Hana Bima

Katika mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, maduka mengi yana ngazi mbili tatu mlangoni. Kijana hazioni, mzee aliyepooza upande mmoja huzihesabu.

Juzi nilimkuta hapo mama mkongwe, macho yake yamefifia, ameketi barazani akimngoja mjukuu ampeleke kituo cha afya. Mwanawe ni askari. Nilipomwuliza habari ya bima, alijibu: "Bima ni ya kijana wangu na watoto wake, baba. Mimi sina."

Alisema kweli. Bima ya afya ya watumishi wa serikali, iliyoundwa mwaka 1980, humwangalia mwanachama, mwenzi wake na watoto. Mzazi aliyemlea mwanachama huyo hubaki nje.

Kwa wasio na mshahara, serikali ilianzisha mwaka 1984 kadi ya matibabu, CAM, ikaihuisha mwaka 2012 kwa faranga 3,000 kwa kila kaya kwa mwaka. Mwenye kadi alilipa asilimia 20 ya gharama, serikali ikabeba 80. Msaada huo si haba, ijapokuwa hospitali zilinung'unikia malipo ya serikali kuchelewa. Lakini asilimia 20 ya dawa ya shinikizo la damu, imezwayo kila siku maisha yote, hailingani na asilimia 20 ya homa ya siku tatu. Na nauli ya teksi je? Na magongo, na miwani?

Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatoa sheria yake yenyewe. Hata hivyo, majumbani mwetu ulemavu wa uzeeni huitwa "uzee tu", na aghalabu hakuna anayekwenda kumwombea mzee chochote. Zanzibar, katika pensheni jamii ya Aprili 2016, ilirahisisha mambo: aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi. Kwa maoni yangu, dirisha la hospitali nalo lingetosheka na umri.

Ndugu askari, uendapo likizo, fika komini ukaulize utaratibu wa kadi ya wazazi wako, na ujue ni nani atakayewashika mkono siku ya kwenda kutibiwa.

Yule mjukuu alifika saa tano. Namba za asubuhi zilikuwa zimekwisha kugawiwa.