Kamerun na Ziwa Lililoua Usiku

Wengi wetu Kamerun tunaijua kwa kandanda, tangu Roger Milla alipocheza mbele ya kibendera cha kona mwaka 1990. Ni nchi ya misitu mizito kusini, nyika kavu kaskazini hadi Ziwa Chad, na bandari ya Douala yenye joto la kunata. Jina lake limetokana na kamba, wale wa kuliwa, ambao Wareno waliwakuta tele mtoni Wouri. Wajerumani waliitawala kama walivyoitawala Tanganyika, kisha Wafaransa na Waingereza wakagawana. Ndiyo maana lugha zake rasmi ni mbili, Kifaransa na Kiingereza.

Lakini safari yetu leo ni ya kaskazini-magharibi, juu ya Bamenda, kwenye nyanda za nyasi. Ni nchi ya kupendeza: vilima vya kijani, mashamba ya mahindi na maharage, Wafulani na ng'ombe wao. Chini ya uzuri huo kuna moto. Mlolongo wa volkano unaanzia visiwani katika Ghuba ya Guinea, unapanda nchi kavu kwenye Mlima Kamerun, wenye zaidi ya mita 4,000 na ulio hai hadi leo, kisha unaingia bara. Katika kasoko nyingi za milima hiyo maji yamejaa yakawa maziwa. Moja ni Nyos: urefu wake haufiki kilomita 2, lakini kina chake kinapita mita 200.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti 1986, mnamo saa tatu usiku, watu wa mabondeni walisikia ngurumo upande wa ziwa. Wengine waliokuwa wakizungumza walianguka palepale, wengine walilala wasiamke. Vijiji vya Nyos, Kam, Cha na Subum vilinyamaza. Walikufa watu wapatao 1,700 na mifugo wapatao 3,500, baadhi yao kilomita zaidi ya 20 kutoka ziwani. Walionusurika walizinduka saa nyingi baadaye, mama akamkuta mtoto ubavuni ameshakuwa baridi. Nyumba zilikuwa zimesimama. Taa zilikuwa zimezimika na mafuta yamo. Hata wadudu hawakusikika. Ziwa lenyewe, lililojulikana kwa maji yake ya buluu, lilikuwa jekundu kama udongo wa kichuguu.

Habari zilipoenea, wanasayansi walifika kutoka Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na kwingineko, wakafanya kazi pamoja na wenzao wa Kamerun. Si kazi ndogo kusukuma mashua juu ya maji yaliyokwisha kuua, hujui kama yamemaliza. Walishusha chupa za kuchotea hadi vilindini, na zilipovutwa juu maji yalitoa povu na kuzisukuma chupa, kama soda iliyotikiswa. Jibu walikuwa nalo mikononi mwao. Maji ya chini hayakuwa ya moto, salfa ilikuwa haba mno, na tope la sakafuni halikuonyesha dalili za mlipuko wa volkano.

Hata hivyo ubishi ulikuwa mkali. Haroun Tazieff, bingwa wa volkano wa Ufaransa, alishikilia kwamba volkano ililipuka chini ya ziwa, na manusura walikuwa wamesema walinusa baruti na mayai viza, wengine wakiwa na malengelenge mwilini. Kundi la upande wa pili, akiwemo Mmarekani George Kling, lilikuwa na jibu: kabonidioksidi nyingi huchezea fahamu hata mtu akanusa kisichokuwepo, na malengelenge huweza kumtoka mtu aliyelala muda mrefu bila kugeuka. Hoja hii ndiyo iliyoshinda, na kwa haki. Gesi hupanda kutoka kwenye miamba iliyoyeyuka ardhini, huingia katika chemchemi za sakafuni, na uzito wa maji ya juu huikandamiza humo miaka na miaka. Ziwa likitibuliwa, gesi hufumuka yote kwa pamoja. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutambaa bondeni kama maji na kumfukuzia hewa kila anayepumua. Kilichotibua Nyos usiku ule, poromoko la mawe au mvua baridi, hakijathibitishwa hadi leo.

Kinachoniuma ni kwamba onyo lilikuwepo. Miaka miwili kabla, Agosti 1984, Ziwa Monoun la Kamerun hiyohiyo liliua watu 37, na Haraldur Sigurdsson wa Iceland alipolichunguza alisema gesi imetoka ndani ya maji yenyewe. Wazee nao walikuwa na lao: mwanaanthropolojia Eugenia Shanklin alikusanya katika nyanda hizo simulizi za maziwa yanayohama, yanayolipuka, yanayomeza watu. Tungezisikiliza kama kumbukumbu, si kama ngano tu.

Mwaka 2001 Wafaransa wakiongozwa na Michel Halbwachs waliweka bomba hadi karibu na sakafu ya Nyos. Pampu iliyaanzisha maji tu. Baada ya hapo gesi yenyewe iliyasukuma, yakaruka juu angani mita zipatazo 50. Mabomba mengine mawili yaliongezwa mwaka 2011, na ziwa likapunguziwa mzigo wake. Watu waliohamishwa kutoka mabondeni, maelfu, waliwekwa katika kambi saba, na wengi wamezeekea huko.

Nyos lina ndugu kwetu, tena mkubwa kuliko lenyewe mara nyingi: Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, lenye kabonidioksidi na methani vilindini na watu wapatao milioni 2 pwani zake. Rwanda inaichota methani hiyo kuzalisha umeme, na ni jambo jema. Kwenye nchi kavu kuzunguka Goma na Sake, kabonidioksidi hutoka ardhini na kutulia mashimoni, na Kiswahili ndicho kilichowapa wanasayansi wa dunia jina lake: mazuku. Basi wewe unayepita njia hizo, ukimwona mbuzi amelala katika bonde dogo asiyetikisika, usishuke wala usiiname kumwinua. Rudi juu, na mwite mtoto wako arudi pamoja nawe.