Dawa ya mama: uliza kabla ya kulipa

Tuseme leo ni Jumapili nawe uko nyumbani Nairobi. Simu inalia. Ni mama kutoka Muthetheni, kule Mwala katika Kaunti ya Machakos. Kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma na usiku kucha ametetemeka. Papo hapo unamtumia pesa kwa simu. "Mama, nenda sokoni ununue dawa." Kisha unaendelea na chai yako, ukidhani kazi imekwisha.

Haijaisha, mpenzi msomaji. Pesa zimefika, lakini je, dawa atakayopewa mama itamponya? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za mapato ya chini na ya kadiri, dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia. Wala si lazima dawa iwe bandia ndipo imdhuru mtu. Dawa halali iliyowekwa vibaya, au iliyouzwa nusu, inaweza pia kumletea madhara.

Tazama ukutani

Sheria ya Famasia na Sumu ilianza kutumika Kenya mwaka 1957. Chini ya sheria hiyo, duka la dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na anayelisimamia huwa amesomea kazi hiyo na ana leseni. Leseni hutolewa upya kila mwaka. Kwa hivyo mwambie mama atazame vyeti ukutani na asome mwaka ulioandikwa. Asipoviona, aulize. Akijibiwa kwa ukali, aende duka jingine.

Joto la mabati

Ukambani jua ni kali, hasa kabla ya mvua kunyesha. Chumba kidogo chenye paa la mabati huwaka kama tanuri ifikapo saa nane mchana. Dawa nyingi zimeandikwa kwamba zisikae penye joto linalozidi nyuzi 30, nyingine 25. Duka zuri lina kipimajoto ukutani, na dawa hazipangwi dirishani zikipigwa na jua. Insulini ya wagonjwa wa sukari, kabla ya kufunguliwa, hukaa katika friji kwa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda barafu haifai tena. Uliza pia: umeme ukipotea, mnafanyaje?

Nambari ndogo kwenye chupa

Wengi wetu husoma tarehe ya mwisho tu. Karibu nayo kuna nambari ya toleo, inayoonyesha dawa hiyo ilitengenezwa katika fungu gani. Aprili 2024, Nigeria ilitangaza kwamba vipimo vyake vimegundua sumu katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto. Bodi ya Kenya nayo iliagiza toleo hilo liondolewe madukani. Kampuni iliyoitengeneza ilisema vipimo vyake yenyewe havikuonyesha sumu hiyo. Lakini mzazi aliyekuwa na chupa nyumbani angejuaje kama ni ya toleo hilo? Kwa nambari hiyo tu. Ndiyo sababu dawa ya watoto haifai kumiminwa katika chupa isiyo na jina.

"Nipe za shilingi hamsini"

Hapa kosa ni letu wanunuzi. Homa si lazima iwe malaria. Mama apimwe damu kwanza. Akipatikana na malaria ya kawaida, dawa inayotumika sana ya artemether na lumefantrine humezwa mara 6 kwa siku 3. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, jumla 24. Akinunua 8 kwa kuwa pesa zimepungua, atapata nafuu leo na kulala tena wiki ijayo. Muuzaji mwema hakati dozi, wala hauzi dawa kali za kuua viini bila karatasi ya daktari.

Basi simu ikilia tena, usiishie kutuma pesa. Mwulize mama alipimwa wapi, alipewa vidonge vingapi, na kama alielezwa namna ya kuvimeza. Mwombe asome kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama macho yake hayaoni vizuri, mjukuu aliye karibu atamsomea. Kuuliza si ujinga.